Mota yangu inanuka kuungua kilimani, niweke ya wati 1500?

BARUA

Shikamoo fundi,

Mimi ni kijana wa miaka 29, nakaa Himo, kazi yangu ni kusambaza mikate na maandazi. Nachukua mzigo bekari saa kumi na moja alfajiri afu napandisha Marangu Mtoni, ni kama kilomita 12 za kupanda tu, na pale naacha lami naingia njia za vumbi za kuelekea Mamba nagawa kwenye maduka. Zamani nilikuwa na baiskeli ya kawaida, yaani nilikuwa nasukuma kuliko kuendesha, ndo mwaka juzi nikapata baiskeli ya umeme ya mtumba. Mota iko gurudumu la nyuma imeandikwa wati 350, betri ni volti 36 ampia-saa 10, ringi saizi 26, nyuma ina giya saba. Kwenye tambarare sina malalamiko hata kidogo, ni raha tupu.

Shida ni mlima. Mzigo wangu ni kilo 25, mimi mwenyewe 75. Kilomita nne za mwanzo inaenda vizuri, afu tukianza zile kona za kupanda kweli kweli spidi inatoka 18 inakuja 12 inakuja 8, mota inalia kama inasaga kokoto, inatoka harufu kama ya plastiki iliyoungua, afu ghafla inazima yote, hata kioo hakiwaki, wakati betri ilikuwa bado inaonyesha vijiti viwili! Nikikaa dakika tano inawaka tena, naenda kama mita mia tatu inazima. Basi nasukuma. Mikate inafika saa mbili na nusu watu walishakunywa chai zamani, na maduka mawili yameshaanza kuchukua kwa mtu wa bodaboda.

Kuna fundi mmoja Moshi mjini ameniambia dawa ni kutoa hii mota niweke ya wati 1500, anayo na ringi yake, anataka laki tisa na betri nibaki na hii hii. Hela sina, ila mke wangu kikoba chao kinavunja mwezi ujao atapata milioni moja na laki mbili, amesema atanikopesha, japo yeye anaona bora tuongezee kidogo tuchukue pikipiki ya mkononi. Mimi pikipiki naogopa mafuta yatakula faida yote ya mkate. Fundi nishauri, nimuombe hiyo hela niweke 1500? Ile hela naijua alivyoihangaikia, sitaki niipoteze mimi.

Wa Mikate, Himo

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, maana kusukuma baiskeli ya umeme yenye mzigo mlimani ni adhabu kuliko kusukuma ya kawaida, ile mota na betri zote zinakuwa mzigo juu ya mzigo.

Nianze na lililo la haraka, huyo fundi usimpe laki tisa. Sisemi ni mtu mbaya, inawezekana anaamini kabisa anachokuambia, watu wengi wanaamini mlima unataka wati nyingi. Lakini baiskeli yako ina magonjwa mawili tofauti na hiyo mota ya 1500 haitibu hata moja, tena moja italizidisha.

Ugonjwa wa kwanza ni hiyo kuzima ghafla, hilo ni la betri, mota haihusiki. Betri ya volti 36 ikijaa inakuwa volti 42, na ndani ina kibao kidogo, sisi tunaita ubongo wa betri, ambacho volti zikishuka karibu na 30 au 31 kinakata kila kitu ili seli zisife. Sasa betri ikizeeka inakuwa na ukinzani mkubwa ndani, yaani umeme unapita kwa shida, ukiwa umesimama inasoma 38 inaonekana mzima, ukianza kuvuta ampia 15 kilimani inaporomoka hadi 31, ubongo unakata, ukipumzika dakika tano volti zinarudi inawaka. Ndo maana umeona vijiti viwili afu giza. Na ujue hizo volti 7 zilizopotea ukizidisha kwa ampia 15 ni wati 105, yaani ni kama ile balbu ya zamani ya wati 100 imewashwa ndani ya boksi la betri yako muda wote unaopanda. Umeme uliolipia kwenye LUKU unapasha joto seli badala ya kupandisha mikate. Sasa fikiria unaweka mota ya wati 1500 kwenye betri hiyo hiyo, 1500 gawa kwa 36 ni zaidi ya ampia 40, na betri ndogo kama yako kwa kawaida imetengenezwa kutoa 15 au 20. Itazima kabla hujatoka Himo. Na mota nyingi za ukubwa huo zinataka volti 48 kwenda juu, kwa hiyo baada ya laki tisa ungeambiwa "sasa leta na hela ya betri".

Afu kuna hesabu nyingine ya betri ambayo nadhani hakuna aliyekufanyia. Wewe 75, mikate 25, baiskeli na betri weka 30, jumla kilo 130. Kutoka Himo hadi Marangu Mtoni unapanda kama mita 500 kwenda juu. Kuinua kilo 130 mita 500 peke yake, bila kitu kingine, ni karibu wati-saa 180 (wati-saa ni wati moja ikitumika saa moja, ndo kipimo cha umeme uliomo kwenye betri), ongeza msuguano wa matairi na umeme unaopotea njiani unafika kama 300 kama miguu yako imekaa tu. Betri yako ilipokuwa mpya ilikuwa na wati-saa 360, na hiyo ni mtumba. Kwa hiyo ukifika Mtoni imeshakwisha na Mamba bado iko mbele. Hata mota ya malaika haiwezi kubadilisha hesabu hiyo maana uzito na urefu wa mlima ni ule ule.

Ugonjwa wa pili ndo wa mota, harufu na kulia. Hapa naomba unisikilize vizuri maana ndo hasa swali lako lilipo.

Kwenye mteremko wa asilimia 10, yaani kila mita kumi unapanda mita moja, na njia za ndani huko kwenu zina sehemu zinazidi hapo, kilo zako 130 zinataka kuvutwa kwa nguvu ya kama kilo 14. Chukua kama unavuta kwa kamba ndoo ya kilo 14 bila kuiachia. Mota ya ndani ya gurudumu saizi yako, kwenye ringi ya 26, ikijitahidi kabisa inatoa kama kilo 12 pale tairi linapogusa ardhi. Umeona? Imepungukiwa kabla hata safari haijaanza, kwa hiyo spidi inashuka na inabaki inavuta umeme wote inaoweza. Na hiyo nguvu ya kilo 14 haijali spidi, iwe unaenda 8 au 16 mlima unadai kilo zile zile, umeme unaopita kwenye nyaya za mota ni ule ule, joto kwa dakika ni lile lile, tofauti ni kwamba ukienda 8 unakaa kwenye moto muda mara mbili. Joto nalo halipandi taratibu, umeme ukizidi mara mbili joto linazidi mara nne. Ile harufu ni vanishi ya nyaya za shaba na grisi, na hiyo sauti ya kusaga inawezekana sana ni giya za nailoni zilizomo ndani ya mota zimeanza kulainika na kuliwa meno.

Ndo maana mota kubwa ya gurudumu sikushauri kwa njia yako. Ile 1500 imesukwa kwa ajili ya kukimbia tambarare spidi 45 na kuendelea. Ukiwa na spidi 10 gurudumu la 26 linazunguka mara 80 tu kwa dakika, mota imekabwa, haijafika hata robo ya mwendo wake, inakula umeme mwingi na kutoa joto. Ni kweli ina chuma kingi itachelewa kuchemka kuliko yako, ila inaongeza kilo kadhaa nyuma na inakunja fremu, maana ekseli yake ina nguvu ya kujizungusha yenyewe mpaka inachana sehemu inapokaa kama hujaweka mkono wa chuma wa kuishikilia. Angekuwa ni mtu wa Mwanza anapanda Bugando dakika chache afu anashuka, ningemwambia badilisha kontrola tu, kile kiboksi kinachopimia mota umeme, weka ya ampia 20 maisha yaendelee, mota inachemka kidogo inapoa. Wewe unapanda karibu saa nzima. Mlima mrefu ni habari nyingine kabisa.

Sasa tufanye nini. Nitakupangia kwa namna ambayo hela ya mama inaguswa mwishoni.

Wiki hii tafuta voltimita ndogo ya kufunga kwenye usukani, ni kitu cha bei ndogo, uunge kwenye waya wa betri, na hakikisha kuna fyuzi. Panda na mzigo wako wa kawaida, andika volti ukiwa umesimama na volti ukiwa unavuta, sehemu tatu, kule chini, katikati, na pale inapozimaga. Ikishuka volti 2 au 3 betri bado inapumua. Ikishuka 6 au 7 betri imechoka. Kabla hujailaumu lakini kagua soketi za waya kati ya betri na kontrola, nimeshaona betri nzima inasingiziwa kumbe ni soketi imelegea imeyeyuka kidogo, umeme unabanwa hapo. Shika kwa mkono ukifika juu, ikiwa ya moto umempata mwizi.

Pili, miguu. Usinielewe vibaya najua unachoka, ila hujaniambia ukiwa kwenye mlima uko giya namba ngapi, na nina wasiwasi uko giya nzito umeshika resi mpaka mwisho miguu imetulia. Mtu wa kawaida akikanyaga kwa utulivu anatoa kama wati 100, kwa spidi ya 10 hiyo ni karibu kilo 4 za kuvuta. Mota ikibaki na kilo 10 badala ya 14, joto lake linashuka karibu nusu! Karibu nusu kwa kukanyaga kwa mwendo wa kawaida tu, sio kwa kujiua. Lakini huwezi kukanyaga hivyo ukiwa na giya nzito kwa spidi 10, kwa hiyo badilisha friwili ya nyuma, nyingi zinaishia meno 28, tafuta yenye meno 34 kwenye giya ya kwanza, na cheni mpya pamoja nayo kwa sababu cheni kuukuu itaruka kwenye friwili mpya, na kama kibadilishio cha nyuma ni kifupi muulize fundi kama kitafika meno 34. Anza kukanyaga kabla mlima haujaanza, usisubiri mpaka spidi imeshafika 8. Na mzigo, kila kilo 10 utakazopunguza joto la mota linashuka kama asilimia 15, kwa hiyo kama kuna namna ya kupeleka mzigo wa Mtoni kwa daladala ya kwanza na wewe ubebe wa Mamba tu, jaribu hata siku mbili uone.

Tatu, mota uliyonayo ifunguliwe ikiwa imepoa. Shaba ikiwa na rangi yake au kahawia kidogo iko hai, ikiwa nyeusi kama sukari iliyoungua usiiwekee matumaini. Giya za nailoni zinauzwa peke yake, zinabadilishwa, na grisi mpya. Na tafadhali mota ikichemka usiimwagie maji, nimeona vijana wanafanya hivyo pale mtoni, maji yanaingia ndani na masika ikija unashangaa imepata kutu na inakatakata.

Ukishafanya hayo kuna uwezekano mkubwa utafika Mtoni bila kuzima. Mamba kwenye vumbi bado itakusumbua, hilo sikufichi, na ndo hapo mota mpya inapata sababu. Ila mota ninayokuambia ni ya katikati, ile inayofungwa pale kwenye ekseli ya pedali. Hiyo inasukuma cheni, na cheni inapita kwenye giya zako, kwa hiyo mota inapanda mlima kwa giya ya kwanza kama gari linavyofanya. Yenyewe inazunguka haraka kwa mwendo inaoupenda, gurudumu linaenda taratibu kwa nguvu. Mota ya gurudumu haina giya ya kubadilisha, ni kama kupanda Lushoto na lori liko giya namba nne tangu Mombo.

Mafundi wengi wanaijua Bafang BBS02, ipo ya volti 36 wati 500 na ipo ya volti 48 wati 750. Chukua ya volti 36. Utashangaa kwa nini nakuambia ndogo. Kontrola yake ya ndani inavuta ampia 25, mara 36 ni wati 900 ikijitahidi. Mimi nimekupigia hesabu ya kilo 130 kwenye mteremko wa asilimia 10 kwa spidi ya 15, ukikanyaga wati 100 mota inahitaji kuchukua kwenye betri kama wati 640. Inatosha na inabaki. Na faida kubwa ni hii, ukibaki kwenye volti 36 unaweza kununua betri kwanza, ukaitumia na mota yako ya sasa, na mota ya katikati ikaja baadaye ikatumia betri hiyo hiyo na chaja hiyo hiyo ya volti 42. Hela haitoki yote siku moja. Betri itafute ya volti 36 ampia-saa 20, hiyo ni wati-saa 720, yaani mara mbili ya yako ikiwa mpya, na ubongo wake uwe wa ampia 30. Mwambie muuzaji akupimie mbele yako ikiwa inavuta mzigo, asikuonyeshe tu volti 42 ikiwa imekaa mezani, mezani kila betri ni nzima. Zile zinazoungwa na seli za laptopu za zamani usiguse. Na hata siku moja usichomeke chaja ya volti 48 kwenye betri ya 36, na usichaji chumba mnacholala na watoto, betri hizi zikishika moto hazizimiki kwa ndoo ya maji.

Kabla hujalipia mota ya katikati pima bomba la fremu pale pedali zinapopita, upana uwe kati ya milimita 68 na 73 na tundu lake kama 33 na nusu. Kuna baiskeli mikono ya pedali ni chuma kimoja kilichopinda, hizo bomba lake ni pana sana mota haikai bila vifaa vya kuunganisha. Na jua cheni italiwa haraka kuliko ulivyozoea, hasa na lile vumbi, kwa hiyo weka bajeti ya cheni, na kila ukibadilisha giya achia resi kwanza, hata sekunde moja, ukilazimisha inakata.

Kitu kimoja hukukitaja kabisa kwenye barua na kinanitia hofu, breki. Unapanda na kilo 130 lakini unashuka mita 500 zile zile na kilo zaidi ya 100 kila siku. Kama una breki za mpira za kubana ringi, angalia raba na waya leo kabla ya kitu chochote nilichoandika hapo juu, waya ukiwa umefumuka hata uzi mmoja badilisha. Mota zenye giya za ndani kama yako hazisaidii kukamata breki, gurudumu linazunguka huru.

Sasa kuhusu shemeji yangu. Wazo lake la pikipiki lisikilize mpaka mwisho. Kaa naye na daftari, andikeni mikate mingapi inauzwa ikifika saa moja na mingapi inarudi ikifika saa mbili na nusu, andikeni mafuta ya pikipiki kwa wiki, bima, sevisi, afu upande wa pili betri, mota, cheni, na umeme, ambao kuchaji betri yako ya sasa kutoka sifuri hakumalizi hata nusu uniti. Mimi napenda baiskeli hizi na kwa njia ya kwako nadhani inashinda, lakini kama bei ya betri na mota ya katikati utakayoambiwa inapita hela ya kikoba, basi pikipiki yake inakuwa na hoja na umwambie hivyo. Na hata ikitosha, usiombe milioni na laki mbili. Omba ya friwili, cheni, raba za breki na voltimita kwanza, mlipe hiyo kwa faida ya mikate, afu ndo mzungumze betri.

Niandikie baada ya wiki mbili na zile namba tatu za volti, na uniambie ndani ya mota shaba ilikuwa rangi gani, nitakuambia kama ni betri kwanza au mota.